Shamba la shule: darasa au kibarua? Maelezo kwa wazazi wa Tarime na Serengeti

Kila mvua za masika zikishika, maswali mawili huanza kuzunguka vijijini. Mzazi mmoja analalamika kwamba amempeleka mtoto sekondari akasome, mbona anarudi na matope hadi magotini. Mzazi mwingine, mara nyingi wa kijiji hicho hicho, analalamika kinyume chake: shule ina ekari nne zimeota majani, watoto wanashinda njaa, walimu wanaangalia tu.

Wote wawili wana haki ya kuuliza. Shamba la shule linaweza kuwa darasa zuri kuliko lolote lenye ubao, na linaweza pia kuwa mahali pa kuwatumikisha watoto bure. Ukipita barabarani huwezi kutambua ni lipi, kwa sababu katika yote mawili utaona wanafunzi na majembe. Makala haya yanaeleza tofauti iko wapi, sera inasema nini, na shamba hilo linaweza kuzaa nini na haliwezi nini.

Mimi mwenyewe shamba la shule nililijua kama adhabu. Ukichelewa namba asubuhi, unapimiwa hatua kumi za kupalilia. Miaka minne nilipalilia mahindi bila kuambiwa hata siku moja yalipandwa lini, ni mbegu gani, wala yalitoa gunia ngapi. Nilitoka na malengelenge. Kilimo nilikuja kujifunza baadaye, nikiwa nauliza maswali ya watu wengine kwenye kipaza sauti.

Lilikotoka wazo

Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Alikuwa mwana wa Butiama, mkoani kwetu hapa, na alikuwa amefundisha darasani kabla ya kuingia kwenye siasa. Hoja yake ilikuwa kwamba shule tulizorithi kwa mkoloni zilimwandaa mtoto kuondoka kijijini, wakati karibu wote wangeishi huko huko. Kwa hiyo kila shule iwe na shamba au mradi wake.

Watu wengi wanakumbuka hapo tu, kwamba Mwalimu aliagiza watoto walime. Lakini andiko lilikwenda mbali zaidi. Alitaka wanafunzi washiriki kuamua walime nini, watunze hesabu za mapato na matumizi, waone tofauti ya shamba lenye samadi na lisilo nayo, na faida irudi kwao kwa namna wanayoiona. Hakutaka shamba la matrekta ya msaada ambalo mzazi hawezi kuliiga. Alitaka lililo juu kidogo tu ya shamba la nyumbani, ili mtoto abebe kitu cha kurudi nacho.

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, na Azimio la Musoma likatilia mkazo elimu na kazi kwenda pamoja. Shule zikatakiwa kujitegemea kwa sehemu ya gharama zake kupitia uzalishaji, na sekondari zikapewa michepuo, mmojawapo ukiwa kilimo. Nadhani hapo ndipo mambo yalipoanza kupinda. Shule ikishaulizwa imevuna gunia ngapi na haiulizwi watoto wamejifunza nini, mwalimu atahesabu gunia. Uchumi ulipoyumba miaka ya 1980, jembe lilibaki lakini daftari likapotea.

Kilichobadilika 2024

Baada ya sera ya elimu kufanyiwa mapitio mwaka 2023, sekondari zimegawanywa katika mikondo miwili: elimu ya jumla na elimu ya amali. Utekelezaji ulianza Januari 2024 kwa kidato cha kwanza, na kwa upande wa amali ulianzia katika shule zilizoandaliwa, kwani si kila shule ina karakana, shamba au mwalimu wa fani. Kilimo na ufugaji ni moja ya fani hizo, pamoja na ufundi, ukarimu na utalii, michezo na nyinginezo. Waliotangulia wanatarajiwa kufika kidato cha nne mwaka 2027.

Kwenye mkondo wa jumla nako kuna somo la Kilimo, na mtihani wake wa taifa una sehemu ya vitendo. Mwanafunzi aliyesoma Kilimo miaka minne bila kushika udongo anakutana na mtihani huo kama mgeni. Kwa hiyo hata kama shule ya kata yako haina mkondo wa amali, bado shamba lake lina kazi darasani. Na mwanafunzi asiyesoma Kilimo kabisa anaweza kufanyia hapo mazoezi ya Hisabati, Baiolojia na Jiografia.

Kipande cha mita 10 kwa 10

Hapa ndipo penye nyama, na shule ikiwa na nia haihitaji fedha za mfadhili.

Chukua kamba, pima mita 10 kwa mita 10. Hizo ni mita za mraba 100. Ekari moja ni mita za mraba 4,047, maana yake ekari ina vipande kama hicho karibu 40. Kila kilo unayovuna kwenye kipande ni sawa na kilo 40 kwa ekari. Kipande kikitoa kilo 25 za mahindi makavu, hiyo ni tani moja kwa ekari, yaani gunia kumi za kilo 100. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kufanya hesabu hiyo, na mzazi aliyeishia darasa la saba anaweza kuielewa.

Sasa weka vipande vitatu sambamba. Cha kwanza wanafunzi wapande kama tunavyopanda wengi wetu, mbegu ikidondoshwa nyuma ya plau bila kipimo. Cha pili wapande kwa kamba yenye mafundo, sentimita 75 kati ya mstari na mstari na sentimita 30 kati ya shimo na shimo, mbegu moja moja. Kipande hicho kitabeba mashina yasiyopungua 400. Cha tatu kiwe kama cha pili, ila kiongezewe samadi iliyooza vizuri, kilo moja kwa kila mita ya mraba, yaani kilo 100 kwa kipande, kama toroli mbili zilizojaa. Wilaya zetu hizi mbili hazina shida ya ng'ombe. Samadi inarundikana zizini huku mahindi ng'ambo ya ua yakigeuka manjano kwa njaa.

Siri ni kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mbegu ile ile, siku ile ile, palizi ile ile. Ukibadilisha mbegu, nafasi na mbolea kwa pamoja, mwisho wa msimu hutajua kilichosaidia ni kipi. Hiyo ndiyo sayansi yenyewe.

Halafu daftari. Tarehe ya kupanda, mashina mangapi yameota baada ya siku kumi, tarehe za palizi, uzito wa mavuno. Mvua ipimwe kwa kopo lenye kuta zilizonyooka, likiwekwa mahali pa wazi, na kila asubuhi mwanafunzi wa zamu achovye rula: milimita 10 za maji koponi maana yake kila mita ya mraba ya shamba imepata lita 10. Nimeona watu wazima wakibishana nusu saa kama mvua ya mwaka jana ilikuwa nyingi kuliko ya mwaka huu. Kopo na rula vingemaliza ubishi huo.

Kipande hicho ni mahali pazuri pia pa kujifunza kumtambua kiwavijeshi vamizi, ambaye aliripotiwa nchini mwaka 2017 na hajaondoka. Wanafunzi wakague mashina 20 katika sehemu tano za shamba, asubuhi mapema, wakiangalia ndani ya moyo wa mhindi: majani yenye matundu, na kinyesi kama unga wa mbao uliolowana. Wahesabu mashina yaliyoshambuliwa. Mkulima anayejua ni mashina 5 kati ya 100 na yule anayejua ni 40 kati ya 100 hawafanyi uamuzi mmoja, na wengi wetu hupulizia dawa kwa hofu bila kuhesabu.

Je, shamba linaweza kulisha shule?

Tufanye hesabu bila kudanganyana. Shule ya kutwa yenye wanafunzi 300, kila mmoja akila ugali wa gramu 150 za unga wa dona, inahitaji kilo 45 kwa siku. Mwaka wa masomo una siku 194. Jumla ni kilo 8,730, yaani gunia 87. Ekari iliyotunzwa vizuri ikitoa gunia kumi, shule inahitaji karibu ekari tisa za mahindi peke yake, kabla ya maharage, kuni na mpishi. Shule yenye ekari mbili itapata gunia 20, na ugali huo utaisha baada ya siku 44.

Kwa hiyo mwenyekiti wa kijiji anayesema shule ijilishe kwa shamba lake ili wazazi waache kuchangia, amekosea hesabu. Tangu 2016 mzazi halipi ada mpaka kidato cha nne, lakini chakula cha mchana kwa mwanafunzi wa kutwa bado kinategemea makubaliano ya wazazi, na debe la mahindi kutoka nyumbani bado linahitajika.

Ila hesabu hiyo hiyo ina upande wa pili. Uji unahitaji kama gramu 50 za unga kwa mwanafunzi. Kwa wanafunzi 300 ni kilo 15 kwa siku, na gunia 20 za ekari mbili zinafika siku 133. Ekari tatu zinafunika mwaka mzima. Uji haushibishi kama ugali, lakini mtoto aliyetembea saa moja na nusu asubuhi bila kitu tumboni anajua thamani ya kikombe cha saa nne. Ukichanganya ulezi, ambao nyumba nyingi za Kikurya hazijaacha kuulima, uji unakuwa bora zaidi.

Mboga ndizo zinazolipa haraka. Mchicha unavunwa baada ya wiki tatu hadi nne, na matuta machache karibu na bomba au kisima hayahitaji ekari. Kama shule ina eneo dogo tu, ningeshauri ianzie hapo na iwaachie wazazi mahindi.

Jambo moja lisisahaulike ni hifadhi. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu kwenye nafaka isiyokauka vizuri. Stoo ya shule inalisha mamia kwa sufuria moja, hivyo kosa lake ni kubwa. Kipimo cha kienyeji kipo: weka punje kiasi ndani ya chupa kavu pamoja na chumvi kavu, tikisa, acha kwa dakika chache. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu, yarudishwe juani, na yaanikwe kwenye turubai, siyo chini kwenye udongo. Kila mwanafunzi anayeondoka kidato cha nne angekuwa anajua hilo tu, ningesema shamba limefanya kazi yake.

Likizo, ng'ombe na tembo

Mashamba mengi ya shule hayafi kwa ukame. Yanafia likizoni. Mahindi ya vuli yanakuwa bado shambani shule zinapofungwa Desemba, na ya masika yanakaribia kuvunwa likizo ya Juni inapoingia. Uzio hakuna, mlinzi hana mshahara, na ng'ombe wa jirani hawajui kalenda ya Wizara. Shule zinazoweza kuvuka kipindi hicho ni zile ambazo bodi ya shule imekaa na serikali ya kijiji kabla ya kupanda, wakaandika nani analinda, atalipwa debe ngapi, na ng'ombe wa mtu wakiingia atatozwa nini. Zingine huchagua mazao yanayolingana na muhula: maharage, mboga, viazi vitamu.

Vijiji vya Serengeti vinavyopakana na hifadhi ya taifa au mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti vina jirani mkubwa zaidi. Tembo huja mahindi yanapokomaa, na usiku mmoja unatosha. Hapa msimamo wangu ni mkali: mwanafunzi asilinde shamba usiku, hata kama ni shamba la shule, hata kama mwalimu yupo. Kuna shule zinazoweza kujaribu uzio wa mizinga ya nyuki, ambao umefanyiwa majaribio Kenya na kuonyesha tembo huwaepuka nyuki, au kupanda pilipili pembezoni. Njia hizi hupunguza hasara, haziondoi hatari. Mazao yakiliwa, toa taarifa mapema kwa ofisi ya kijiji na afisa wanyamapori ili tathmini ifanyike wakati alama bado zipo. Malipo ya serikali yanaitwa kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa mtu aliyeumia au kufariki, na jina lenyewe linakuambia yasitegemewe kama bei ya mavuno.

Milimani: migomba na kahawa

Upande wa milima ya Tarime somo linabadilika, maana huko migomba na kahawa ndivyo vinavyoshika familia. Mnyauko bakteria wa migomba unaingia shamba moja na kuhamia jingine kwa panga. Dalili zake mwanafunzi anaweza kujifunza siku moja: ndizi zinaiva kabla ya wakati na bila mpangilio, ua dume linasinyaa, na ukikata shina unaona utomvu wa manjano. Kinga yake ni kuondoa ua dume kwa kijiti chenye panda, siyo kwa kisu, mara chana ya mwisho inapojitokeza, na kupitisha panga kwenye moto au maji ya Jik kabla ya kuhamia shina jingine. Mtoto akirudi nyumbani na tabia ya kuchoma panga, shamba la baba yake limepona bila shilingi kutumika.

Kwa kahawa, Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, ina kituo kidogo Sirari, na imezalisha aina zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani. Kitalu cha miche michache ni mradi unaofaa shule, kwa sababu kahawa huanza kuzaa kama mwaka wa tatu baada ya kupandwa. Aliyepanda akiwa kidato cha kwanza ataona matunda kabla hajamaliza. Pale Mogabiri pia kuna kituo cha mafunzo ya kilimo cha Kanisa Anglikana, na afisa ugani wa kata ni wa kwanza kuombwa kabla ya kwenda mbali. Wasikilizaji wetu wa mpakani watakuwa wamesikia upande wa pili kuhusu klabu za 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, zilizofufuliwa mashuleni mwaka 2021. Wazo ni lile lile.

Kazi ambayo mtoto asipewe

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu mtoto wa kuanzia miaka 14 kufanya kazi nyepesi, isiyodhuru afya yake wala kumzuia kusoma. Baadhi ya wanafunzi wa kidato cha kwanza hawajafika umri huo. Kupima, kupanda, kupalilia kipande chao na kuvuna wakati wa kipindi ni masomo. Kubeba bomba la dawa mgongoni au kuchanganya viuatilifu siyo kazi ya mwanafunzi, hata wa kidato cha nne. Kulima shamba binafsi la mwalimu au la mtu aliyeilipa shule wakati vipindi vinaendelea ni utumikishaji, na mzazi ana haki ya kulifikisha kwa mkuu wa shule, bodi, au afisa elimu kata.

Adhabu ya jembe nayo ni tatizo. Huwezi kumfundisha kijana Jumatatu kwamba kilimo ni taaluma, kisha Jumanne ukakitumia kumtesa aliyechelewa.

Na tuangalie nani anafanya nini. Nyumbani kwetu mvulana hushika ng'ombe na plau, msichana hushika palizi na ndoo. Shule ikirudia mpango huo huo, msichana atakuwa ametolewa kwenye palizi ya mama yake akapelekwa kwenye palizi ya mwalimu. Kamba ya kupimia, mizani na daftari vizunguke kwa zamu, na yeye ajifunze kufunga nira kama anavyojifunza kaka yake.

Ukienda kikao cha wazazi

Omba kuona daftari la shamba. Uliza mavuno ya msimu uliopita yalikuwa kilo ngapi, zilikwenda wapi, na nani alisaini zilipotoka stoo. Uliza somo gani lilifundishwa pale mwezi huu. Kama jibu ni kwamba daftari halipo, usianze ugomvi. Pendekeza wanafunzi wawili na mwalimu wa miradi waanze kuandika wiki hiyo hiyo, na kikao kijacho wanafunzi wenyewe wasimame wasome. Mizani ikikosekana, ya duka la jirani inaazimwa kwa nusu siku. Wanaosoma Kilimo wajiandae kueleza kwa nini kipande kimoja kimezidi kingine, na wazazi waliolima miaka thelathini wawaulize maswali magumu.